Age of Apocalypse: dunia iliyoombwa ijifute

Mzee mmoja aliyechakaa, ambaye kila anayemwona humchukulia kuwa kichaa, anafikishwa mbele ya Magneto, kiongozi wa X-Men katika hadithi hii, na kutoa habari ambayo hakuna baba angetaka kuisikia. Dunia hii mnayoishi, anasema, haikupaswa kuwepo. Kuna nyingine, na mimi naikumbuka.

Magneto ana mke, Rogue. Ana mtoto mdogo wa kiume aliyempa jina la Charles, kumbukumbu ya rafiki yake aliyekufa akimkinga yeye. Sasa anaelezwa kwamba kuna njia ya kurekebisha mambo: mtu arudi nyuma miaka 20 na zaidi, azuie kifo cha rafiki huyo, na kila kilichotokea tangu siku ile kitafutika. Mtoto naye atafutika.

Magneto anakubali. Hadithi hii nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nakwama hapo hapo. Wanaoisifu, nao ni wengi, husifu michoro ya Joe Madureira na ndugu wawili wa ukoo wa Kubert, mavazi ya kutisha na mashujaa waliogeuka wabaya. Yote hayo ni haki yake. Lakini moyo wa Age of Apocalypse ni ombi lile, na nadhani waandishi wenyewe waliliogopa.

Kwa asiyeijua, hadithi ilitoka mwaka 1995 katika vitabu vya katuni vya Marvel kuhusu X-Men, kikosi cha mashujaa ambao ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Mlango wake ulifunguliwa na David Haller, kwa jina la kivita Legion, mtoto wa Gabrielle Haller na Profesa Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men. Akili ya kijana huyu imevunjika vipande vipande, na nguvu zake hazina mpaka. Siku moja anaamua kumtunuku baba yake zawadi: kurudi nyuma ya wakati amuue Magneto kabla hajawa adui, ili ndoto ya Xavier ya binadamu na mutanti kuishi pamoja isipate wa kuipinga. Anafika Israel, enzi ambazo Xavier na Magneto bado ni marafiki wa kukaa na kubishana hadi usiku. Anaporusha pigo lake, Xavier anajitupa katikati. Mtoto amemuua baba. Na kwa kuwa baba alikuwa hajamzaa bado, mtoto naye anayeyuka, na wale waliomfuata kumzuia wanayeyuka pia. Anabaki Bishop peke yake, kwa sababu yeye tangu zamani hakuwa na wakati wake. Alikuwa mkimbizi kutoka siku zijazo. Ndiye yule mzee anayedhaniwa kichaa.

Vurumai lile linaonwa na Apocalypse, mutanti mkongwe kutoka Misri ya kale, ambaye imani yake ni moja tu: mwenye nguvu ndiye mwenye haki ya kuishi. Anaona zama zake zimewadia na kuanza vita mapema, kabla hajatokea wa kumzuia. Hadithi inapofika "leo", Amerika Kaskazini yote iko mkononi mwake. (Jina lake la kuzaliwa vitabuni ni En Sabah Nur, na wanalifasiri kuwa Wa Kwanza. Msomaji wa pwani yetu aliyekulia kwenye sabalkheri hawezi kulipita bila kutabasamu. Kwa sikio lenye Kiarabu kidogo, huyu mharibifu wa ulimwengu ana jina linalokaribia sana jibu la salamu ya asubuhi.)

Namna Marvel walivyoiuza nayo ilikuwa ya kijasiri, au ya kukata tamaa, inategemea unasimama wapi. Mwaka 1991 toleo la kwanza la X-Men lilipelekwa madukani nakala zaidi ya milioni 8. Kufikia 1995 povu la soko la katuni lilikuwa linapasuka, na Desemba 1996 kampuni ingeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Katikati ya hali hiyo walivizima vitabu vyote vya X-Men kwa miezi minne. Uncanny X-Men ikawa Astonishing X-Men. Wolverine ikawa Weapon X. Cable ikawa X-Man, Excalibur ikawa X-Calibre, na kadhalika hadi mwisho wa orodha. Aliyekwenda dukani kuchukua kitabu chake cha kila mwezi alikuta jina jingine na nembo nyingine, na ndani yake watu anaowajua wakiishi maisha ambayo hakuwahi kuyasikia. Msomaji hakuichungulia dunia ile dirishani. Alifungiwa ndani yake.

Nimetangulia kusema kuwa sifa za kawaida sizikatai, basi niongeze moja ambayo haitajwi sana. Hadithi nyingi za baada ya maangamizi hupenda vumbi: barabara tupu, magari yenye kutu, mtu mmoja na silaha yake. Kamandi ya Jack Kirby, iliyoanza 1972 kwa kampuni ya DC, ilifunguliwa na picha ya New York iliyofurika, sanamu ya Uhuru imeinama majini, wanyama wakiwa wametwaa utawala. Inapendeza macho. Lakini magofu yana wepesi wake, kwa sababu hakuna anayekwenda kazini asubuhi.

Katika Age of Apocalypse watu wanakwenda kazini. Maangamizi yana ofisi, yana vyeo, yana zamu za usiku. Mister Sinister, mmoja wa wakuu wa Apocalypse, anaendesha mazizi ya wafungwa, watu wanaofugwa kwa ajili ya mbegu zao, na walinzi wakuu wa mazizi hayo ni ndugu wawili aliowalea mwenyewe, Cyclops na Havok. Hank McCoy, ambaye kule tunakokujua ndiye mpole na msomi kuliko wenzake wote, huku ni mganga anayepasua watu walio hai, na anaifurahia kazi. Warren Worthington, malaika wa zamani, ana klabu ya usiku iitwayo Heaven. Wakubwa wa utawala wanakunywa pale, waasi nao wanaingia kununua habari, na mwenye klabu anamwambia kila mteja kwamba yeye hana upande. Wakimbizi wanaoitafuta Avalon, kimbilio lililofichwa kusini kabisa mwa dunia, hawafiki bila kupita kwa wavushaji wanaodai malipo, na baadhi ya wavushaji hao ni wezi na wauaji.

Cyclops ndiye aliyechorwa vizuri kuliko wote hawa. Ni mtumishi mwaminifu wa utawala mchana. Usiku anawatorosha wafungwa, wachache wachache. Hajajiunga na uasi na wala hana hotuba. Amefika tu mahali ambapo hawezi tena kufanya kazi yake bila kuiharibu kidogo. Naamini mtu wa namna hiyo kuliko nimwaminivyo shujaa yeyote aliyevaa joho. Waandishi nao walimwamini, maana walimpa kisa kizima bila kumpa kamwe dakika ya kujisifu.

Kuna pia lile tukio la Maine. Roboti za Sentinel, zile zilizoundwa kuwawinda mutanti, zinatumwa kutoka Ulaya, ambako binadamu bado wana serikali yao, zije kuwaokoa watu wanaosubiri kuchinjwa. Wanaozisaidia kufanya kazi hiyo ni X-Men. Storm yumo kwenye kikosi. Tangu alipotambulishwa mwaka 1975 akiwa Kenya, akiabudiwa kama mungu wa mvua, vitabu vimekuwa vikituambia kwamba jina lake, Ororo, maana yake ni uzuri. Kiswahili kina neno hilo hilo, na kwetu ni ulaini: ngozi nyororo, godoro jororo. Kwa mwanamke anayeita radi, jina lina utani wake.

Turudi kwenye ombi.

Hoja ya Bishop ni kwamba dunia ile ni kosa, na kosa hurekebishwa. Inaonekana haina mjadala mpaka uanze kuhesabu nani yuko hai wapi. Illyana Rasputin, mdogo wake Colossus, yule wa X-Men mwenye mwili wa chuma, katika dunia "sahihi" alikuwa amekwisha kufa. Aliuawa na virusi vya Legacy katika toleo la mwaka 1993, na msiba huo ndio uliomfanya kaka yake awaache wenzake na kuhamia kwa Magneto. Huku Illyana yuko hai. Blink, msichana mwenye kipaji cha kufungua milango hewani, kule alionekana kwenye kurasa chache mwaka 1994 kisha akafa akiwaokoa wenzake. Huku amekua, ni mpiganaji, na ana baba mlezi. Baba huyo ni Sabretooth, yule yule ambaye kule ni muuaji asiye na kiasi, ila huku kuna siku aliamua kumlea mtoto wa mtu. Na yupo Charles mdogo, ambaye hana mwenzake popote. Kule hakuna hata kaburi lake.

Hesabu hii haisomwi mbele ya wahusika. Hakuna ukurasa ambapo mtu anamwambia Colossus: ukitusaidia kurudisha ile dunia nyingine, utamrudisha dada yako kaburini. Msomaji wa mwaka 1995 aliyekuwa akifuatilia vitabu alilijua hilo vizuri. Alisoma akiwa na siri mfukoni.

Ukatili unazidi kwa sababu Illyana ndiye hasa anayehitajika. Kipaji chake ndicho kinachoweza kumpeleka Bishop nyuma ya wakati. Kwa hiyo Colossus na mkewe Kitty, ambao wanaendesha kikosi cha wanafunzi, wanatumwa kwenye kambi ya kazi za suluba inayoitwa Core, chini ya jitu moja liitwalo Sugar Man, wakamtoe. Matoleo manne ya Generation Next, yaliyoandikwa na Scott Lobdell na kuchorwa na Chris Bachalo, ndiyo mabaya kuliko yote kwa maana ya kuumiza, na kwa hiyo ndiyo bora. Wanafunzi wanaingia. Illyana anapatikana. Colossus anaondoka na mdogo wake na kuwaacha wanafunzi ndani wafe. Baadaye, katika X-Men Omega, kitabu cha kufunga hadithi, anakimbilia tena alipo Illyana katikati ya vita, na chini ya miguu yake ya chuma anamkanyaga Kitty. Kitty anakufa.

Kitabu kinamchora kama mtu aliyerukwa na akili, na pengine ndivyo. Lakini kati ya wote walioombwa kuifuta dunia yao, ni yeye peke yake ambaye mwili wake ulikataa. Wengine wanazungumza juu ya ndoto ya Xavier, mtu ambaye wengi wao hawakumjua. Yeye anamwona mtoto mmoja ambaye jina lake analijua. Simtetei kwa wale wanafunzi. Nasema kwamba hadithi ilipompata mtu ambaye hakutaka maisha haya yahesabiwe kama rasimu ya kutupwa, ilimfanya kichaa na muuaji ili hoja yake isisikike.

Magneto naye angestahili kusumbuka zaidi ya alivyosumbuka. Tangu 1981 vitabu vimesimulia kwamba huyu alipita Auschwitz akiwa mtoto. Anajua, kuliko mhusika yeyote wa katuni za Marekani, nini kinatokea pale ambapo kundi moja linaamua kwamba wengine hawakupaswa kuwepo. Mtu mwenye historia hiyo akiambiwa "dunia yako nzima ni kosa, isaidie ife", nilitegemea kurasa nyingi za kukosa usingizi. Anapata chache. Kisha waandishi wanakata fundo badala ya kulifungua: binadamu wa Ulaya wanarusha mabomu ya nyuklia kuelekea Amerika, yatakayoua kila kitu kwa vyovyote vile. Mabomu yakishakuwa angani hakuna tena uamuzi. Charles mdogo atakufa ufute usifute. Ni hila ya kiufundi, inampunguzia Magneto mzigo na kumpunguzia msomaji pia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishusha pumzi. Siku hizi naiona kama mwandishi aliyemwondoa mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani kabla hajafika swali gumu.

Atakayenijibu atasema: waulize wale wa mazizini. Waulize kama wangependa kufutwa na kuzaliwa mahali pengine bila mazizi. Ni jibu zito, na nakiri kwamba wengi wangesema ndiyo. Lakini hakuna aliyewauliza, na kule "mahali pengine" wangekuwa watu wengine wenye majina yao.

Marvel walikuwa wamelijaribu jambo hili kabla. Mwaka 1981, katika toleo la 141 na la 142 la Uncanny X-Men, Chris Claremont na John Byrne waliwaonyesha wasomaji mwaka 2013 ambapo Sentinel zimeshinda, makaburi ya mashujaa yamepangwa safu, na Kate Pryde, yaani Kitty akiwa mtu mzima, anaituma akili yake nyuma ili kuzuia yote. Pale uamuzi ni mwepesi, kwa kuwa waliobaki ni wachache na wako kambini. Karibu kila wanayempenda ni marehemu. Hakuna wa kumlilia. Age of Apocalypse iliongeza kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, nacho ni furaha. Kidogo, ya wizi, lakini ipo: ndoa, mtoto, baba mlezi. Hapo ndipo kurekebisha dunia kulipoanza kufanana na kuua.

Upande wa pili kabisa kuna Old Man Logan ya Mark Millar na Steve McNiven, iliyoanza 2008. Wabaya wameigawana Marekani kama mirathi, na Logan, yaani Wolverine, sasa mzee mwenye mke na watoto kwenye shamba lenye deni, hajatoa makucha yake kwa miaka 50. Sababu yake ni kwamba aliwaua wenzake wote kwa mikono yake mwenyewe, baada ya Mysterio kumlaghai macho aone maadui. Hatokei Bishop wa kumgongea mlango na kumwambia kuna njia ya kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na Millar, ambaye mara nyingi namwona ana kelele kupita kiasi, safari hii aliheshimu methali ambayo bila shaka hajawahi kuisikia. Logan anamaliza hadithi akiwa amepoteza familia, amebeba kitoto cha adui yake, na dunia ni ile ile.

Wenzetu wa 1995 walitaka vyote viwili: maji yamwagike, kisha yazoleke. Na hata walipoyazoa hawakuyazoa yote. Wanne walivuka kutoka dunia ile wakaingia hii yetu kabla haijafungwa: Nate Grey, Holocaust, Sugar Man na yule McCoy mpasuaji. Angalia orodha hiyo vizuri. Mmoja ni kijana aliyetengenezwa na Sinister kwa mbegu za Cyclops na Jean Grey, na kitabu chake kilichopangiwa matoleo manne kilifika 75 kabla ya kufungwa 2001. Watatu waliobaki ni watesaji. Wafungwa wa Core hawakupata nafasi. Aliyepata ni mwendesha kambi. Sidhani kama ilikusudiwa kuwa na maana, wabaya huuza na walihitajika wapya, lakini kama maelezo ya nani huwa na pasipoti dunia inapoungua ni sahihi mno.

Blink alisubiri hadi 2001 ndipo akaokotwa na kuwekwa kwenye mfululizo wa Exiles, kwa sababu wasomaji hawakuacha kumtaja. Halafu mwaka 2005, kuadhimisha miaka kumi, Marvel waliirudia dunia yenyewe na kutangaza kwamba haikufa: mabomu yale yalizuiwa, Magneto na familia yake walibaki. Maumivu yote ya Omega yakawa utani wa kuchelewa. Mwandishi wa marudio hayo alitajwa kuwa Akira Yoshida. Mwaka 2017 ikathibitika kwamba hakuwahi kuwepo mwandishi wa jina hilo, alikuwa C. B. Cebulski, mhariri Mmarekani aliyejificha nyuma ya jina la Kijapani, na alikiri alipopewa cheo cha mhariri mkuu. Mtu asiyekuwepo ndiye aliyeandika kwamba dunia isiyopaswa kuwepo ingali ipo. Hilo hata Legion asingelibuni.

Marudio mengine yakafuata na siyaandikii, kwa sababu hakuna lililojibu kitu.

Ninachokirudia mimi ni kurasa za mwisho za Omega. Magneto amekwisha kumpasua Apocalypse vipande viwili, amechoka, mkewe yuko kando, mtoto yuko kifuani, na mwanga mweupe unakuja. Bachalo, Madureira na wenzao wamekwisha kazi yao, miezi minne imeisha. Mwezi uliofuata madukani kulikuwa na kitabu kiitwacho X-Men Prime, cha kuwakaribisha wasomaji nyumbani. Nembo za zamani zilirudi, Xavier hai kwenye kiti chake, shule iko mahali pake. Ndani ya kitabu hicho kijana mmoja mutanti, ambaye hakuwa amemkosea mtu, anazingirwa na kundi la binadamu na kupigwa mpaka anakufa.